Kabla Hujawapa Riwaya, Wape Ugomvi

Wiki jana niliweka video ya dakika mbili nikisema watoto wa huku kwetu wanasomeshwa riwaya kinyume. Mwalimu mmoja akanijibu bila kupepesa macho: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, sasa utatufunza kufunza?"

Sawa, mwalimu. Ni ukweli. Karo ilinishinda nikarudi mtaa, na simu yangu ndiyo ofisi. Lakini miaka minne ya sekondari nilikaa upande ule mwingine wa chaki, na huko kuna mambo huwezi kuyaona ukiwa umegeukia ubao. Kwa hivyo leo naandika kwa urefu. Tafuta kiti.

Ninachosema ni hiki: kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya, mpe swali linalomsumbua. Liwe swali ambalo hata wewe mwalimu linakutoa jasho. Mwache abishane na wenzake, abadilishe msimamo, akasirike kidogo. Halafu ndio umpe kitabu. Ukianza na kitabu, ama mbaya zaidi ukianza na mwongozo, umempatia jibu la swali ambalo hajawahi kujiuliza.

Wacha niwaambie vile sisi tulisomeshwa. Mimi ni wa KCSE ya 2021, ile tuliandika Machi 2022 kwa sababu korona ilikuwa imevuruga kalenda. Riwaya yetu teule ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, akafuta ubao, akaandika: Mwandishi. Mwaka wa kuchapishwa, 2014. Mandhari. Ploti. Maudhui. Chini ya maudhui akashusha orodha: ukabila, ufisadi, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, ndoa, dawa za kulevya. "Andikeni haraka, kengele inakaribia."

Tukaandika. Kipindi kikaisha tukijua kitabu kinahusu nini, na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amesoma sentensi moja. Wikendi nikanunua mwongozo wa mitumba, kurasa zingine zimetolewa, na huo mwongozo ndio nilisoma mpaka mtihani. Riwaya yenyewe niliimaliza miezi mitatu baada ya KCSE, nikiwa nimekaa nyumbani sina kazi. Nililia. Nikashangaa mbona hakuna mtu alikuwa ameniambia hiki kitabu ni chetu.

Kwa sababu hebu fikiria ni nani alikuwa amekaa kwenye lile darasa. Sisi tulizaliwa 2003 na 2004. Kura ya Desemba 2007 ikiharibika tulikuwa na miaka mitatu, minne. Hatukumbuki, lakini nyumbani kunakumbukwa. Soko la Toi lilichomwa. Reli inayokatiza Kibera iling'olewa. Kijiji hiki kikawa cha hawa, kile kikawa cha wale, na watu waliokuwa wanachota maji kwa mfereji mmoja wakaanza kuulizana majina ya pili. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini.

Sasa chukua hilo darasa, uliwekee mbele riwaya ambayo Ridhaa anapoteza familia yake kwa moto baada ya uchaguzi, na jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi, ndiye mwenye mkono katika huo unyama. Weka Selume, mama ambaye ndoa yake inavunjika kwa sababu kabila lake limekuwa kosa. Kisha uulize swali gani?

"Weka dondoo hili katika muktadha wake. Alama 4."

Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Tulizipata zote nne. Mimi na deskimeti wangu tulizipata, na nilikuja kujua baadaye kwamba familia yake ilihama kutoka upande mmoja wa Kibera kwenda mwingine usiku mmoja wa Januari 2008, wakibeba godoro na sufuria tu. Tulikaa dawati moja miaka miwili, tukasoma riwaya ya maisha yake, na hatukuwahi kuongea juu yake hata sekunde moja. Hiyo ndiyo hasara ninayolilia, si gredi.

Sasa nitoke kwa malalamishi, nikuonyeshe kitu kinafanya kazi.

Mwaka jana niliitwa kurekodi klabu ya kusoma ya Jumamosi hapa hapa Sarang'ombe. Chumba cha mabati, madawati ya kubana, vijana kama thelathini wa kidato cha pili na cha tatu. Vitabu vyenyewe ni nakala za zamani za Chozi la Heri ambazo shule fulani ilitaka kutupa kwa sababu hazitahiniwi tena. Nilidhani mwalimu ataanza na wasifu wa mwandishi. Hakugusa kitabu hata kimoja. Aliwasimamisha wote, akasoma kutoka kwa karatasi:

"Umepata nyumba ya kukodi, bei poa, iko karibu na kazi. Baada ya mwaka unajua kwamba mwenye hiyo nyumba alifukuzwa 2008 na hajarudi mpaka leo. Unayemlipa kodi ni mtu aliyeikalia tu. Utaendelea kukaa? Anayesema ndiyo, aende upande wa dirisha. Anayesema la, mlangoni. Asiyejua abaki katikati."

Wengi walikimbilia dirishani. Kijana mmoja akajibu kwa sauti, karibu akicheka: "Mwalimu, mimi nalipa kila mwezi. Kosa langu ni gani?"

Msichana wa upande wa mlango akamuuliza: "Unamlipa nani?"

Kicheko kikakatika. Yule kijana akafungua mdomo, akaufunga. Mwingine akamtetea: ukihama, si mtu mwingine ataingia tu? Umesaidia nani? Msichana mwingine akasema mama yake hawezi kuhamisha watoto wanne kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine. Mmoja akauliza kama ingetosha kumtafuta mwenyewe na kumtumia kitu kidogo kila mwezi. Walibishana dakika ishirini. Mwalimu alisema maneno kama kumi tu, mengi yakiwa "na kwa nini?" Yule kijana wa dirishani hakwenda mlangoni. Alisogea akasimama katikati, mikono mfukoni.

Ndipo mwalimu akagawa vitabu, akasema: "Someni sura ya kwanza. Ridhaa anasimama mbele ya kilichokuwa nyumba yake."

Nimerekodi harusi, nimerekodi mazishi, nimerekodi mikutano ya wanasiasa. Sijawahi kusikia chumba cha vijana thelathini kikinyamaza hivyo kikisoma. Nilirudi wiki mbili baadaye wakiwa wamemjua Mzee Kedi vizuri, na yule yule kijana akasema jambo ambalo hakuna mwongozo niliosoma ulinionyesha: kinachotisha kuhusu Kedi ni kwamba hakuwa mgeni, alikuwa jirani. "Angekuwa shetani ingekuwa rahisi," akasema.

Huyo ni msomaji. Na alizaliwa na nini? Na swali la nyumba ya kukodi.

Sasa, msichanganye hiki kitu na mdahalo wa shule. Ule tunaujua sote. Mwenyekiti, katibu, mtunza saa, "Ninaunga mkono hoja kwa dhati." Na hoja zenyewe: Maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani. Mwalimu ni bora kuliko daktari. Tumebishana hayo tangu darasa la nne na mpaka leo sijui nani alishinda. Mdahalo ule unakufunza kushinda. Unapewa upande, unautetea hata kama huuamini, watu wanapiga makofi, mnaenda chakula. Ukiangalia vizuri, hiyo ni shule ya siasa zetu: kelele nyingi, hakuna anayebadilisha msimamo, na anayesema "sijui" anachekwa.

Mtanziko ni kitu kingine. Mtanziko ni njia mbili zote zina miiba, na lazima upite moja. Hapo kusema "sijui bado" ni jibu halali. Ndiyo maana ile sehemu ya katikati ya chumba ni muhimu kuliko pande zote mbili.

Najua pingamizi. Wacha nizijibu moja moja, nikianza na nyepesi.

Ya kwanza: "Hatuna muda, silabasi ni ndefu." Kipindi ni dakika 40. Kimoja tu. Wewe unatumia wiki nzima kunakilisha orodha ya maudhui ambayo tayari imechapishwa kwenye mwongozo ambao nusu ya darasa wanao. Toa kipindi kimoja hapo. Na usiniambie mtihani hautaki hili. Swali la insha likisema "jadili", linataka mtu anayejua kujadili.

Ya pili: "Mtafufua ukabila. Hayo mambo yalizikwa." Yalizikwa na nani? Mtoto wa Kibera anasikia haya mambo kwa meza ya chakula, kwa kinyozi, kwa matatu, na kila mtu anayemwambia ana upande wake. Darasa ndiyo sehemu pekee ambapo angeweza kuyasikia akiwa amekaa karibu na mtoto wa upande wa pili, na kuna mtu mzima wa kusema "ngoja, msikize kwanza." Darasa likinyamaza, watu wazima wengine hawatanyamaza. Na Agosti 2027 tunapiga kura tena. Yule mtoto wa sekondari leo, kuna mtu tayari anamwandalia mawe.

Hii nchi inaogopa sana watoto wakiuliza. Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao wa kuigiza, Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wapewe nafasi yao. Walichokuta ni polisi, na watu waliokuja kutazama wakafukuzwa kwa vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Watoto wa shule na mchezo! Halafu mwezi huo huo ofisi zile zile zinakwambia mtaala mpya unajenga kufikiri kwa kina. Gredi ya 10 ya kwanza imeingia Januari 2026 na hayo maneno yako kwenye kila karatasi. Kufikiri kwa kina juu ya nini, kama kila kitu chenye kina kinatupiwa gesi?

Ya tatu ni nzito, na hii siichezei. "Je, mtoto aliyeumia? Unamfungulia kidonda mbele ya watu halafu kengele inalia unaenda zako?"

Hapa nitakiri. Miaka miwili iliyopita nilifanya hilo kosa mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta wafuasi, nikaandika: "Mlikuwa wapi Januari 2008? Nipeni stori." Stori zikaja, watu wakasambaza, nikafurahi. Kisha dada mmoja akaandika kitu kuhusu mama yake ambacho sitakirudia hapa. Watu wakaanza kumuuliza maswali, wengine wakamwambia ni uongo. Nilifuta kila kitu, lakini nilifuta baada ya saa sita, kwa sababu nilikuwa nimelala. Akanitumia ujumbe mmoja tu: "Uliniuliza, nikajibu, ukalala."

Huo ujumbe bado niko nao. Na ndio ulinifanya nielewe kwa nini riwaya lazima ifuate, kwa nini ugomvi peke yake hautoshi. Mimi niliwauliza watu wajivue hadharani. Yule mwalimu wa Jumamosi hakumuuliza mtu yeyote kabila lake wala kilichotokea kwao. Aliuliza kuhusu nyumba ya kukodi ambayo si ya mtu. Halafu akawapa Ridhaa. Mtoto ambaye hawezi kusema "mama yangu" anaweza kusema "Selume", na kila anachotaka kusema juu ya mama yake kikapita humo, na hakuna anayejua isipokuwa yeye. Riwaya ni shuka, mwalimu. Swali linamwamsha mtoto, na kitabu kinamfunika.

Kwa hivyo masharti yapo. Hakuna kuuliza mtu ni wa wapi. Hakuna kulazimisha mtu aeleze ya kwao. Anayetaka kubaki katikati abaki, anayetaka kutoka nje atoke. Na wewe uliyefungua mlango, baki baada ya kengele. Kama huna dakika kumi za kubaki, usiulize.

Ya nne, kina mzee wanaipenda: "Mnafunza watoto kwamba hakuna haki wala batili, kila mtu na maoni yake." La. Si kila kitu kinabishaniwa. "Ni sawa kumchomea jirani?" si mtanziko, ni upuuzi, na mwalimu anayepigia kura utu wa watu aachishwe hiyo klabu. Mtanziko mzuri unaanza pale ambapo sote tumekubaliana kuchoma ni ubaya, halafu tunauliza: sasa wewe uliyejua mapema, uliyenyamaza, uliyenunua televisheni ya bei rahisi wiki iliyofuata bila kuuliza imetoka wapi, uko wapi? Hapo ndipo watu wengi waliishi. Watu wachache walichoma. Wengi tulinunua televisheni.

Kama wewe ni mwalimu na umefika hapa bila kunitusi, asante. Sasa nikupe kazi, kwa vitabu mlivyo navyo saa hii.

Mnasoma A Doll's House ya Ibsen? Usianze na Norway. Uliza: mtu unayempenda ni mgonjwa, dawa ni pesa, mkopo unapatikana lakini lazima utumie kitambulisho cha baba yako bila yeye kujua. Utachukua? Halafu ukimlipia kimya kimya mpaka mwisho, ni deni ama ni uongo? Darasa la Sarang'ombe, ambalo kila nyumba ina mkopo wa simu, litakulipukia. Kisha mpeleke Nora awasalimie. Alighushi sahihi ya baba yake ili kumwokoa mumewe. Hawatasema tena hicho ni kitabu cha wazungu.

Mnasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi? Anza na Julai 2018 hapa Kibera, tingatinga zilipopita kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zililala chini, shule zikalala chini, maelfu wakabaki nje. Leo barabara inatumika na wewe mwenyewe unaipita. Uliza: ungekuwa wewe wa kuamua, na unajua barabara itasaidia watu wengi kuliko itakaowaumiza, ungetia sahihi? Na kama ungetia, ungewaambia nini wale wa shule? Wakishachoka kubishana, fungua kitabu uwaonyeshe watu wanaofukuzwa makwao na jinsi mwandishi anawapa majina.

Jipime hivi kabla ya kuingia darasani. Je, wewe mwenyewe unajua jibu? Kama unajua, hilo ni somo, si mtanziko, tafuta lingine. Je, mtoto anaweza kujibu bila kutaja kwao? Kama hawezi, libadilishe. Je, kuna mtu ndani ya kitabu anayelazimika kuchagua jambo kama hilo? Kama hayuko, unapoteza muda wao.

Sina digrii na pengine sitakuwa nayo. Yule mwalimu aliyeniuliza nitawafunza nini, jibu langu ni kwamba sitaki kukufunza. Nataka nikuombe kipindi kimoja. Nikikosea, utakuwa umepoteza dakika 40, na utarudi kwa orodha yako ya maudhui iko pale pale.

Lakini kabla hujaingia kesho, jaribu hili peke yako, bila mwongozo. Ni usiku, saa nane. Mlango unabishwa. Wako wengi nje, unasikia panga likikwaruza mabati, na sauti moja unaijua, ni ya kijana uliyemfunza. Anauliza tu: jirani wa mlango wa pili ni wa wapi? Watoto wako wamelala nyuma yako. Unajua jibu.

Dirishani, mlangoni, ama katikati?